Warsha ya sauti na picha za kompyuta Ahero: tuanze na mikono au tuanze na maneno?

NyarAhero

Habari zenu wadau. Nina duka la picha na fotokopi hapa Ahero, karibu na stendi ya matatu, mwaka wa tisa sasa. Wiki mbili zilizopita nilifunga duka siku nzima nikaenda Kisumu kusikiliza mhadhara wa wazi juu ya sanaa za kidijitali. Bango lilisema karibuni nyote. Nilikaa safu ya pili. Kwa saa tatu tulionyeshwa picha ukutani: taa zinazomfuata mtu anapotembea, ukuta unaotoa sauti ukiguswa, televisheni zilizopangwa kama mnara. Nilivipenda, sisemi uongo. Ila hatukushika hata waya mmoja. Mbele palikuwa na meza yenye saketi imewashwa, taa zake zinamemeteka, na kijana mmoja mwenye sare ya shule alipoipelekea mkono akaambiwa ni ya kutazama tu. Nilimwona akiurudisha mkono mfukoni. Jambo hilo halijanitoka hadi leo.

Nimeamua tufanye ya kwetu. Ukumbi wa jamii tumepewa bure Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Vijana 24 wamejiandikisha kwenye daftari dukani, mdogo kabisa ana miaka 11, na akina mama wawili wa chama chetu wamesema nao wanakuja. Nilicho nacho ni laptopu 3 (moja betri imekufa, inategemea stima), projekta ya kuazima, simu za vijana wenyewe, na shilingi 6,500 ambazo tumechanga. Pia yupo mdogo wake babu yangu, ambaye nami namwita babu. Anapiga nyatiti, ile ala ya nyuzi nane ya Wajaluo, na amekubali kuja nayo.

Ninyi mnaojua, hiyo pesa niinunulie nini? Nimeambiwa ninunue bodi za Arduino, vile vibao vidogo vya kompyuta vya kuendeshea taa na vifaa, nimeambiwa nilipe mhadhiri kutoka Nairobi, nimeambiwa ninunue bando tu vijana watazame video. Hapa kwetu usiku vyura wa mashamba ya mpunga wanaimba mpaka usingizi unakupita, na mpunga ukianza kuiva watoto wanashinda wakigonga makopo kufukuza ndege. Nimekulia ndani ya sauti hizo. Nataka vijana watoke pale ukumbini wakijua kwamba wameshika kitu wanachoweza kukifanyia kazi. Sijui tu nianzie wapi.

FundiKibuye

Binti, salamu kutoka Kibuye, Kisumu. Redio natengeneza tangu 1988, kwa hiyo nitasema ninachokijua kwa vidole.

Pesa usiimalizie kwenye Arduino. Ni kitu kizuri, kilibuniwa Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi wa ubunifu, watu wasio wahandisi, na siku yake kwenu itafika. Lakini ukinunua bodi tatu kwa vijana 24, wengi watakuwa wanatazama mabega ya wenzao, na utakuwa umerudi kwenye meza ileile ya Kisumu.

Nunua visahani vya piezo. Ni kile kidude cha shaba, mviringo, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini, chenye doa jeupe katikati. Kimo ndani ya saa za kengele, ndani ya midoli inayolia, ndani ya kadi zinazoimba ukizifungua. Ukikipa umeme kinalia. Ukikigonga, chenyewe kinatoa umeme. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waliigundua tabia hiyo mwaka 1880 walipokuwa wakibana fuwele. Maana yake kwako ni kwamba una maikrofoni ya bei ya soda ambayo haisikii hewa. Inasikia kile tu kilichogusana nacho. Meza, kopo, mti wa nyatiti.

Waya utumie ule wa sauti, wenye uzi ndani na nyuzi nyingine zimeuzunguka kama ngozi. Uzi wa ndani uende kwenye doa jeupe, ngozi iende kwenye shaba. Usigeuze. Ukitumia waya wa kawaida wa taa utaokota mvumo wa stima, kwa sababu stima yetu inatetemeka mara 50 kwa sekunde, na mvumo huo ukishaingia nyatiti ya mzee itasikika kama inapigwa ndani ya kinu cha posho. Waya uwe mfupi, mita mbili basi. Ile sehemu nyeupe inaungua upesi: ncha ya chuma cha kulehemu iguse kwa hesabu ya moja, mbili, itoke. Wa miaka 11 asilehemu, yeye afunge tepi. Nunua visahani 20 ingawa unahitaji 12, maana kadhaa vitakufa mikononi mwa wanaojifunza na hilo ni sawa.

Spika sasa. Tafuta redio kaseti za betri, hata kama upande wa kaseti haufanyi kazi. Ukifungua utakuta kile kinundu cha sauti kina miguu mitatu. Mguu mmoja umeungwa na ardhi ya saketi, mwingine wa pembeni ndiko sauti inakoingilia ikitoka kwenye redio. Hapo ndipo unapotia uzi wako wa ndani, na ngozi unaiunga na ardhi. Gonga kisahani, spika inajibu.

BETRI TU. Waya wa ukutani ukatwe kabisa kabla kijana yeyote hajashika bisibisi. Hilo sina mjadala nalo.

Sauti itakuwa nyembamba, besi haba. Kisahani hiki kinataka saketi yenye ukinzani mkubwa, yaani isiyokinyonya umeme wake mdogo, na kile kinundu ukinzani wake ni mdogo. Transista moja ya FET inarekebisha, lakini iache kwa siku nyingine. Kwanza wasikie wembamba wenyewe, wataanza kuuliza. Kila kisahani vijana wawili, si zaidi. Wamwage mpunga juu ya sinia, wakune ukuta, wakibandike kooni wakiguna.

Mwalimu_Nakuru

Dada, nafundisha kompyuta huku Nakuru, na warsha za wazi nimeziendesha mara sita au saba. Kila alichosema Fundi nakiunga mkono. Lakini naomba usiutupe mhadhara kwa sababu ulikutana na mmoja uliokuumiza.

Warsha zangu mbili za kwanza zilikuwa mikono mitupu, bila dakika moja ya historia. Vijana walifurahi sana, wakaenda nyumbani wakidhani wamecheza. Hawakujua kwamba kuna watu wanaoifanya kazi hiyo maisha yao yote, wala kwamba Mwafrika alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa. Niliwanyima kitu.

Wasimulie habari za Halim El-Dabh. Alizaliwa Cairo mwaka 1921. Mwaka 1944, kabla kanda za sumaku hazijafika huko, aliazima mtambo uliorekodi sauti kwenye waya wa chuma mwembamba kama unywele. Akaenda nao kwenye zar, ngoma ya kupunga pepo inayofanywa na wanawake, akarekodi. Kisha akaingia studio ya redio, akacheza na mwangwi wa chumba, akaondoa sauti za msingi, zile nzito za chini, mpaka zikabaki zile nyembamba za juu tu, akazirekodi upya. Pierre Schaeffer wa Paris, ambaye vitabu vingi humtaja kuwa mwanzilishi, kazi zake za kwanza za namna hiyo ni za 1948. Miaka minne baadaye. Nikilieleza hilo darasani napenda kutazama nyuso. Kijana anayekaa Ahero na simu mfukoni ana mtambo bora kuliko ule wa Cairo, tena mara nyingi, na sauti ya vyura ambayo El-Dabh hakuwa nayo.

La pili ni la namna ya kuwapanga watu. Oktoba 1966, New York, mhandisi Billy Klüver na msanii Robert Rauschenberg waliwakutanisha wasanii 10 na wahandisi wapatao 30 wa maabara za Bell kwa maonyesho ya usiku 9. Mhandisi hakuitwa kuja kurekebisha kilichoharibika. Alikaa na msanii tangu mwanzo, wakabuni pamoja. Kwa hiyo pesa ya mhadhiri wa Nairobi mpe fundi redio wa hapo Ahero, umweke mbele, umtambulishe kama mwalimu wa siku. Nasema hili kwa uzito. Mafundi wetu huitwa kitu kikishazima, halafu wakimaliza wanatolewa nje sherehe ianze.

Dakika ishirini za maneno zinatosha, na ziwe baada ya mikono kuchafuka.

Kwenye laptopu weka Scratch, programu ya kuwafundisha watoto kuiamuru kompyuta, ile ya chuo cha MIT cha Marekani iliyotoka 2007. Ukishaipakua haihitaji intaneti, na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Kuna kipande kinachopima ukubwa wa sauti kutoka 0 hadi 100. Mtoto achore chura, amwambie unene wake ufuate namba ile. Akigonga kopo, chura anavimba. Hiyo ndiyo sanaa ya kidijitali: kitu cha dunia kimegeuzwa namba, namba imegeuzwa kitu kingine. Ukutani pale Kisumu ulionyeshwa jambo hilohilo.

Na ule mnara wa televisheni, wazo hilo lina mzizi kwa Nam June Paik, Mkorea aliyefanya maonyesho ya televisheni alizozichezea ndani huko Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1963. Baadaye aliweka sumaku juu ya televisheni, picha ikajikunja kama maua. Mnaweza kujaribu.

FundiKibuye

Mwalimu, hapo kwa sumaku nakusimamisha kwa heshima. Televisheni zenye mgongo mnene zimejaa kwa mafundi tangu tuhamie dijitali 2015, najua vijana watazipata. Kwanza, asifungue mtu: ile kioo hushika umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa. Pili, ya rangi ukiisogezea sumaku kubwa, doa la kijani au la zambarau hubaki pale pale hata sumaku ikiondoka, kwa sababu wavu wa chuma ulio nyuma ya kioo umeshika usumaku. Kama mtafanya, iwe ya nyeusi na nyeupe, imefungwa, na fundi asimame karibu. Mimi ningeacha kabisa kwa watoto 24.

Mwalimu_Nakuru

Nimesikia, Fundi. Dada, futa hiyo ya sumaku.

Mwana_Isukuti

Nawasalimu kutoka Kakamega. Kuna jambo hakuna aliyeligusa. Jumamosi ikiisha, sauti ya mzee itakuwa ya nani?

Nauliza kwa sababu yalitupata. Tulirekodiwa kwenye mazishi ya mjomba, ngoma zote tatu za isukuti, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe. Kijana aliyerekodi alikuwa na adabu, tukamkaribisha chakula. Miezi michache baadaye binti yangu akanipigia: ngoma zenu ziko chini ya tangazo la biashara. Hakuna aliyetuuliza wala aliyejua kwamba mdundo ule ni wa kumsindikiza mtu mzima kaburini. UNESCO iliweka isukuti mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, na Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, inayotaka idhini kabla ya kutumia. Lakini sheria haikai ukumbini. Anayekaa ukumbini ni wewe.

Hata huyo El-Dabh, kwa masimulizi yake mwenyewe, aliingia kwenye zar akiwa amejifunika kichwa, maana wanaume hawakuruhusiwa. Mwalimu, ukisimulia hadithi hiyo simulia na kipande hicho, vijana wajadili.

Mwulize mzee kabla, mbele ya vijana: nini kirekodiwe, nini kisirekodiwe, faili zikae kwa nani. Na mlipe. Si nauli, malipo. Sura za watoto pia usizipandishe mtandaoni bila wazazi kukubali.

NyarAhero

Asante, ndugu yangu wa Kakamega, na pole kwa hilo. Nilikuwa nimepanga kumpa babu sukari na nauli. Nimeona aibu. Nimekwenda kwake jana jioni tukakubaliana 1,500, na amesema nyimbo mbili zirekodiwe, ya tatu ambayo ni ya marehemu kaka yake isikike ukumbini tu, simu zote zikiwa chini. Faili zitakaa kwake kwenye kadi ya kumbukumbu, na nakala kwangu dukani.

Mwalimu, swali dogo: tukirekodi vyura, nafasi itatosha kwenye simu?

Mwalimu_Nakuru

Sauti isiyobanwa, ya kiwango cha CD, hupimwa mara 44,100 kwa sekunde kila upande. Kwa spika mbili dakika moja inakula kama megabaiti 10. Simu yenye gigabaiti moja tupu inabeba zaidi ya saa moja na nusu. Inatosha vyura wote wa bonde lenu la Nyando.

NyarAhero

Jumamosi imepita, nawaletea habari.

Walikuja 31. Fundi wetu wa Ahero alivaa shati jeupe. Nilipomtambulisha kama mwalimu wa siku alinyamaza kidogo, halafu akaanza kueleza kinundu cha sauti kwa Kiswahili na Dholuo vikichanganyika, na hakuna aliyeinua simu kwa saa nzima. Visahani vinne viliungua. Msichana yule wa miaka 11 alifunga tepi kwenye vyote vilivyobaki, kisha akawa wa kwanza kubandika kimoja kooni. Aliposikia koo lake likitoka kwenye redio alirudi nyuma hatua mbili, akarudia tena, na tena. Mama mmoja wa chama alimwaga mpunga juu ya sinia, akasema hiyo ni mvua ya kwanza juu ya mabati, akafumba macho. Vijana wanne wakatia kisahani ndani ya puto, wakaenda kukizamisha kwenye mfereji wa mpunga. Walirudi na rekodi ya dakika mbili ya mapovu, na kitu kinachotafuna ambacho bado tunabishana ni nini.

Saa tano kasorobo stima ikapotea. Projekta ikazima, laptopu ile ya bila betri ikazima, chura wa Scratch akabaki kwenye laptopu mbili ambazo nazo hazikufika saa sita. Redio za betri ziliendelea. Fundi wa Kibuye, nilikukumbuka.

Basi mhadhara nikautoa bila picha, nimesimama mlangoni penye mwanga. Nilisimulia Cairo, waya mwembamba kama unywele, na kile kipande cha kujifunika kichwa. Mjadala uliwaka. Wavulana wengi walisema kama hakuiba kitu hakuna kosa. Wasichana wakauliza wale wanawake walikubali saa ngapi. Sikuufunga. Dakika ishirini zikawa arobaini.

Kisha babu. Simu chini kwanza, akapiga ule wimbo wa kaka yake, na ukumbi ukawa kimya hivi kwamba nilisikia njuga za mguuni zikitulia baada ya kumaliza. Ndipo tukaleta kisahani. Tulikibandika kwenye mti wa nyatiti, karibu na anapogonga kwa ile pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu. Akaanza. Redio ikatoa nyundo tupu: pete, pete, pete, nyuzi nane zimemezwa zote. Babu akaacha, akauliza, "Huo ni mguu wangu. Mikono iko wapi?"

Fundi akataka kukihamisha. Babu akakataa, akakichukua mwenyewe. Akakiweka juu ya ngozi ya chombo, mbali na daraja la nyuzi, akapiga kidogo, akatikisa kichwa. Akakisogeza. Akakisogeza tena, kitu cha upana wa vidole viwili tu kutoka kwenye daraja, akapiga, nyuzi zikatoka zote, na ule mkwaruzo wao. Vijana walikuwa wamemzunguka wamechuchumaa. Mmoja, anayeuza mayai ya kuchemsha jioni stendi, akasema: babu, ile ya kwanza pia turudishe, kila moja na redio yake. Tukaunga. Redio ya mguu tukaiweka ukuta wa kushoto, redio ya mikono ukuta wa kulia, babu katikati. Alipiga akigeuza kichwa huku na huku, anasikiliza mguu wake unatoka upande ule na mikono yake upande huu. Ukumbi tulipaswa kuufunga saa nane. Tulitoka saa tisa na nusu, na mwenye ufunguo alikuwa ndani nasi.

Pesa imebaki shilingi 340. Babu amechukua kisahani kimoja na redio moja kwake, anasema nyatiti ya pili ina mti tofauti na anataka kuisikia. Lakini analalamika besi ya uzi mnene haitoki. Fundi wa Kibuye, baba, ile transista ya FET naiomba kwa jina gani dukani? Nakuja Jumapili.

FundiKibuye

Uliza 2N3819, na ikikosekana uliza J201. Chukua tano. Nami nitakuwa na vikinza vya megaohomu moja, usinunue hivyo. Njoo kabla ya saa nne, na kama mzee anaweza kupanda matatu, mje naye na hiyo nyatiti ya pili.